Kitabu cha Fisi Ndani ya Nailoni

Kijiwe chetu kinaitwa Mizani, kwa sababu juu ya benchi bado umening'inia ule mzani wa zamani wa kupimia pamba, ndoana yake imeshika kutu na siku hizi haipimi kitu zaidi ya kofia za watu. Kipo Bariadi mjini, ng'ambo ya ofisi ya vifurushi vya mabasi, na asiyekijua afuate harufu ya tangawizi. Hapo hukaa wazee wawili na dereva mmoja wa bodaboda ambao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu leo ni tarehe ngapi. Mzee Mhoja tunamwita Fifi: alikuwa mpimaji wa madaraja ya pamba kwenye chama cha ushirika miaka ishirini na sita, na pamba ikiwa mbovu inaitwa fifi, neno ambalo wakulima wa enzi hizo walilisikia kutoka kinywani mwake mara nyingi kuliko salamu. Mzee Masunga ni Meno, dalali wa ng'ombe mnadani, mtu asiyemwamini mnyama mpaka amfungue mdomo. Dereva ni Elia, maarufu kama Lami. Mimi ni fundi cherehani lakini wananiita Karani, kwa vile ndiye pekee ninayesoma maandishi madogo bila kuazima miwani. Anayetunywesha kahawa wote, na kutuvumilia, ni Mama Kwandu.

Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, Mama Kwandu hakumimina kahawa. Alitoka ofisi ya vifurushi na bahasha aliyokwisha kuifungua huko ndani, akaweka kitabu juu ya benchi katikati ya vikombe, kisha akakifuta kwa pembe ya khanga ingawa hakikuwa na vumbi. Kilikuwa kimefungwa ndani ya nailoni ile inayobana. Kwenye kava msichana wa miaka kama kumi na sita, pekupeku, kampanda fisi anayekimbia kukatiza shamba la pamba usiku, na kila tumba la pamba linawaka kama kibatari. Juu imeandikwa MPANDA FISI. Chini, kwa herufi nyeupe, KWANDU MIHAYO.

Mama Kwandu: Huyo ni binti yangu. Siyo huyo aliyepanda. Huyo aliyeandika.

Kwandu tunamjua sote. Alifanyia hesabu zake za shule kwenye benchi hili hili, madaftari juu ya magoti, akiinua kichwa tu kumsahihisha Meno methali. Sasa ni mwalimu Dodoma.

Lami: Kwandu huyu aliyekuwa ananinyima kashata mpaka nitaje miji mikuu ya Afrika?

Mama Kwandu: Huyo huyo.

Lami: Basi nampa heshima yake. Nilikosa kashata nyingi sana, lakini najua Antananarivo.

Fifi akanyoosha mkono kukichukua, ukucha wa kidole gumba ukiwa tayari umeshika ukingo wa nailoni. Mama Kwandu akaupiga mkono huo kofi dogo.

Mama Kwandu: Hakifunguliwi. Kaniambia kwenye simu, mama usikifungue na mtu asikusomee, kesho nakuja nikusomee mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Nimeahidi.

Fifi: Sasa umetuletea tukifanyie nini?

Mama Kwandu: Mnihukumie kwa nje.

Akakaa kwenye ndoo yake, akaeleza. Apolonia, mwenyekiti wa jumuiya yake pale kanisani, alikuwa amewapangia akina mama wote waje kesho nyumbani kwa Mama Kwandu wasikilize kitabu cha mtoto wao. Asubuhi hii amepita ofisi ya vifurushi, ameiona kava, amefanya ishara ya msalaba. Anataka jibu kabla ya saa sita: waje, au shughuli iahirishwe kimyakimya.

Mama Kwandu: Mnajua watu wa kwetu wakiona mwanamke juu ya fisi wanasema nini: mchawi. Na macho yangu haya mnayaona, moshi wa jiko miaka kumi na tisa, mekundu kama nyanya. Nikae na kitabu cha fisi mapajani mbele ya jumuiya nzima? Niambieni ukweli. Hiki ni cha kuonyesha watu, au cha kufungia kabatini?

Kwa jambo zito namna hiyo, watu wenye akili wangenyamaza kidogo. Meno alikuwa ameshakishika.

Alikipeleka mbali kwa urefu wa mkono, akafumba jicho moja kama yuko mnadani.

Meno: Tuanze na mnyama. Huyu fisi ana miaka minne, hazidi. Meno yote yapo, ya mbele hayajalika. Mgongo umekaa vizuri, kwato hazina tatizo.

Lami: Fisi hana kwato, mzee.

Meno: Ndiyo maana hazina tatizo. Aliyechora hii anajua mifugo.

Lami: Tangu lini fisi akawa mfugo?

Meno: Kinachopandwa na mtu ni mfugo. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mimi: Na hapa jembe linaingia wapi?

Meno: Linaingia. Fisi siku mbili alikuwa mgeni wa kijiji, siku ya tatu akapewa kazi. Mama Kwandu, nakwambia mimi, mnyama huyu angeingia mnadani asingefika saa tano hajanunuliwa. Mwanao kachagua mnyama wa maana.

Lami akakipokea kitabu kwa mikono miwili. Yeye hakuangalia fisi kabisa, aliangalia msichana.

Lami: Oneni alivyokaa. Kalala mbele, magoti yamebana ubavuni, macho yapo mbali, hajaangalia tairi.

Fifi: Tairi lipi?

Lami: Namaanisha miguu ya fisi. Mtu anayeangalia chini kwenye kona, ataanguka. Huyu anaangalia mwisho wa kona. Mimi ile kona ya kwenda Malampaka, pale kabla ya reli, niliendesha miaka minne ndipo nikakaa hivi. Mtoto huyu kazaliwa dereva. Tena usiku, bila taa.

Mimi: Kofia ngumu hana.

Lami: Usiku huo hakuna trafiki, Karani. Usilete sheria kwenye uzuri.

Kwa kweli ulikuwa uzuri. Mimi ni mtu wa kitambaa na naona rangi. Gauni la yule msichana lilikuwa limepigwa na upepo kwa nyuma, na mikunjo yake ilikuwa mikunjo ya kitambaa cha pamba kweli, kile kizito, siyo hariri za kwenye kalenda. Niliwaambia hivyo. Nikawaambia pia kwamba mshono wa bega ulikuwa umeshonwa kwa mkono na mtu mwenye haraka, pengine bibi kizee. Hakuna aliyenisikiliza, lakini baadaye mtaona kwamba nilikuwa sahihi, na naomba iandikwe.

Fifi ndiye aliyebaki. Alikigeuza kitabu, akakipima kwa kiganja, akaminya kingo za kurasa juu ya nailoni kwa vidole viwili, kama alivyominya nyuzi miaka yote ile.

Fifi: Karatasi ni safi. Haina unyevu. Kukata wamekata sawa. Zaidi ya hapo sisemi.

Mama Kwandu: Sema, Mzee Mhoja. Wewe ndiye nakusubiri.

Fifi: Gunia halipimwi mdomoni, mama. Mwaka wangu wa pili kazini mkulima mmoja aliniletea magunia manane, juu pamba nyeupe ya kuliza, nikaandika safi manane. Chini ilikuwa mchanga na majani. Tangu siku hiyo naingiza mkono mpaka kwapani. Sasa wewe umenifunga mkono halafu unataka nitaje daraja.

Meno: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Fifi: Mkuu yupi, guu la nani?

Meno: La fisi. Tuendelee.

Lami ndiye aliyekumbuka kwamba nyuma ya kitabu kuna maneno. Hapo kukazuka kesi. Mama Kwandu alisema ameahidi asisomewe. Lami akasema maneno ya nyuma siyo kitabu, ni tangazo la kitabu, kama yale ya kwenye ubavu wa basi. Meno akatoa methali nyingine ambayo naiacha. Wote tukamgeukia Fifi.

Fifi: Kwenye robota la pamba kuna kibao kinachoshonwa nje, kinasema imechambuliwa jineri gani, msimu gani. Kibao siyo pamba. Ukikisoma hujafungua robota.

Mama Kwandu akafikiri, akasogeza ndoo yake karibu.

Mama Kwandu: Basi Karani soma. Nje tu. Ukifika kwenye nailoni simama.

Wakati huo alikuwa ameshakuja mgeni, mwanamke mzee mwenye bahasha kubwa ya hospitali. Akatusalimu kwa Kisukuma, Mwangaluka, tukamwitikia, akauliza kama hapa ndipo linapopita basi la Meatu la saa sita. Tukamwambia ndipo. Tukamsogezea nafasi kwenye ncha ya benchi, akakaa, akapewa kikombe, akashukuru, wabeja. Mimi nikageuza kitabu, nikasoma kwa sauti ya kanisani, kwa sababu nyingine sina.

"Katika kijiji anakoishi Nyanjige, kila bibi mwenye macho mekundu hulala na viatu miguuni, maana hajui ni usiku gani watakuja kumtoa. Nyanjige ana miaka kumi na sita na bibi mmoja tu. Usiku wanapomfukuza bibi huyo, wakisema amekuwa akipanda fisi, Nyanjige anafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kweli: anamkamata fisi na kumpanda. Mbele yake kuna nchi isiyo kwenye ramani yoyote, ambako pamba huwaka usiku na kila aliyefukuzwa amepewa jina jipya. Ana usiku mmoja. Jogoo akiwika, fisi atasahau njia."

Nilipomaliza, Lami alinishika mkono kabla sijakiweka kitabu chini.

Lami: Rudia hapo pa jogoo.

Nikarudia.

Lami: Fisi atasahau njia. Kwandu, Kwandu. Mtoto alikuwa ananidai Antananarivo, kumbe kichwani ana haya.

Fifi: Mimi nimeshika hapo pa viatu. Hulala na viatu miguuni. Huo ni uzi mrefu. Ukiuvuta haukatiki.

Meno: Sasa mimi nimeshaielewa yote. Fisi ndiye bibi.

Mimi: Bibi amefukuzwa, mzee. Fisi amekamatwa.

Meno: Ndiyo ujanja wenyewe. Nimewaambia fisi ana miaka minne, sawa? Miaka minne ya fisi ni miaka sabini ya mtu. Bibi alijigeuza amsubiri mjukuu njiani. Mtoto amempanda bibi yake bila kujua, na bibi anamezea kwa sababu ya mapenzi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Nikiri kwamba hiyo methali ilikaribia kufaa, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na mwenyewe alishtuka.

Lami: Hapana. Fisi ni mtendaji wa kijiji. Alipokea malalamiko ya bibi akayaweka kwenye droo. Adhabu yake ni kubeba abiria mpaka droo iishe. Na hiyo pamba inayowaka ni umeme wa jua, hiyo nchi imeendelea kutuzidi. Kila pamba ina betri yake. Ndiyo maana haipo kwenye ramani, ingekuwepo wangeshaijengea mageti ya ushuru.

Meno: Na barabara yake?

Lami: Lami tupu. Fisi hakimbii hivyo kwenye changarawe. Na nchi hiyo nakwambia iko chini ya reli ya Malampaka, unaingilia kwenye kalavati la tatu. Mimi nimewahi kupita hapo usiku nikaona mwanga.

Mimi: Ulikuwa mwanga wa treni.

Lami: Treni gani inawaka kwa chini?

Mama Kwandu hakuwa anacheka. Alikuwa amemimina kahawa kwenye kikombe cha Fifi mpaka ikafurika, ikatiririka kwenye ubao, naye birika bado kaliinamisha. Fifi hakumwambia. Alikiondoa kitabu taratibu kisilowe, akakiweka mapajani mwake.

Fifi: Nyie mnazungumzia fisi. Bibi huyo hakufukuzwa kwa ajili ya fisi.

Lami: Kwa ajili ya nini?

Fifi: Alikuwa na shamba. Niliishi na magunia ya watu miaka ishirini na sita, nilijua kila gunia limetoka shamba la nani. Msimu mmoja bibi analeta pamba yake mwenyewe. Msimu unaofuata pamba ya shamba lile lile analeta shemeji yake, na bibi hayupo. Ukiuliza, unaambiwa fisi. Mimi nilikuwa naandika daraja tu. Nikaandika safi, mara nyingine.

Alisema hilo akiangalia msumari wa benchi. Kwa miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akilisema, na nilimhurumia, halafu nikamkasirikia, halafu nikamhurumia tena.

Ndipo yule mgeni mwenye bahasha ya hospitali aliponyoosha kidole kwenye kitabu.

Mgeni: Samahani wanangu. Huyo bibi anarudi?

Tukatazamana. Meno aliyejua umri wa fisi, Lami aliyejua kalavati, mimi niliyejua mshono wa bega. Nikakigeuza kitabu nyuma, nikasoma tena kimyakimya kama vile jibu limejificha kwenye nukta. Halikuwepo.

Mimi: Hapa hawajasema, mayu.

Mgeni: Nauliza kwa sababu kule kwetu Lingeka waliondoka watatu kwa maneno hayo hayo. Mimi nikiwa mke mpya. Mmoja alikuwa jirani yangu, alinifundisha kukamua. Hakuna aliyerudi. Sasa huyu mtoto kaenda kumfuata wake. Ndiyo nauliza, anarudi naye?

Mama Kwandu akaliweka birika chini.

Mama Kwandu: Wa kwetu hakurudi.

Alisema kwa sauti ile ile anayosemea kashata zimeisha, na ndiyo maana ilituchoma.

Mama Kwandu: Mama yangu. Ilikuwa huko nyuma ya Malampaka, nina miaka tisa. Walikuja wakiwa wengi, yeye akatoka kabla hawajavunja mlango ili wasituguse sisi. Alikuwa amevaa viatu. Alikuwa analala navyo. Alikuwa ananishonea gauni siku hizo, akalimalizia bega haraka haraka jioni ile, na mimi sikujua anakimbizana na nini.

Nilikuwa sahihi kuhusu bega. Kuna ushindi ambao mtu haupendi.

Mama Kwandu: Nilimwambia Kwandu mara moja tu. Alikuwa darasa la sita, akaniuliza kwa nini wenzake wana kaburi la bibi la kupalilia na sisi hatuna. Nikamwambia kwa ufupi nikichuja kahawa. Hakuuliza tena. Nilidhani amesahau. Kumbe kakaa na viatu vya mama yangu miaka yote hii.

Fifi alikuwa bado ana kitabu mapajani. Niliona ukucha wake ukienda kwenye kona ya nailoni, pale ilipounganishwa, mahali ambapo mvuto mmoja tu ungemaliza kesi. Tungejua. Mwanamke huyu angejua, sasa hivi, kama mama yake anarudi au la. Ukucha ukakaa hapo. Kisha Mzee Mhoja, mtu wa kuingiza mkono mpaka kwapani, akauondoa, akamrudishia Mama Kwandu kitabu kikiwa kizima.

Fifi: Sijui daraja lake. Hiki apime mwenye shamba.

Simu ya Mama Kwandu ikaita. Alikuwa Apolonia, na kwenye simu ya Apolonia hakuna haja ya spika, anasikika mpaka stendi. Aliuliza: vipi, mama, yule fisi, tunaahirisha?

Mama Kwandu akakiangalia kitabu. Msichana alikuwa bado anaangalia mwisho wa kona.

Mama Kwandu: Waje wote, Apolonia. Waje na viti vyao, vyangu havitoshi. Na mwambie yeyote anayeogopa macho yangu akae mbele, ayaone vizuri. Mtoto wangu amekwenda kumtafuta bibi yake. Sitamsikiliza peke yangu nikiwa nimefunga mlango.

Akakata simu. Lami akajifanya ameingiwa na vumbi machoni. Meno akauliza kama wanaume nao wanaruhusiwa, maana kwa wasiwasi alionao juu ya yule fisi hawezi kulala. Akajibiwa anaruhusiwa, kwa masharti asitoe methali hata moja mpaka ukurasa wa mwisho. Akakubali, kisha akaomba apewe moja tu ya akiba.

Fifi akainua kikombe, akakuta ni kile kilichofurika, sasa kimepoa. Akakinywa hivyo hivyo. Lami akanyanyua birika kumwongezea, likatoa matone mawili na tangawizi. Kahawa ilikuwa imeisha na hakuna aliyelalamika.

Yule mgeni alikuwa amekunja bahasha yake ya hospitali mara mbili, akaishikilia.

Mgeni: Hiyo kesho ni saa ngapi?

Mama Kwandu: Saa tisa alasiri, mayu. Kwangu kuna kitanda.

Saa sita kamili basi la Meatu lilisimama mbele yetu. Konda akashuka, akahesabu abiria wake waliokata tiketi, akaona amepungua mmoja. Akaita Lingeka mara tatu, akiangalia huku na huku. Tulimsikia sote, na mama wa Lingeka alimsikia vizuri kuliko sisi. Hakuinuka.